Namna ya Kuasi Maabara

Chagua vizuri siku ya kuondoka. Inayofaa kuliko zote ni ile umeme ukikatika usiku, jenereta likagoma, na asubuhi mkakuta sampuli zimeyeyuka kwenye friza la nyuzi hasi 80. Hakuna atakayekuuliza sababu. Kama jenereta lenu ni zima, subiri kemikali mlizoagiza zikwame bandarini hadi muda wake uishe.

Nyumbani usiseme unakwenda kuandika. Sema "mawasiliano ya sayansi", maana hilo linasikika kama lina posho. Mtaani bado utaitwa daktari na kuonyeshwa goti la mjomba.

Kisha mshike Rachel Carson wa Marekani, ambaye kila mwasi wa maabara humtaja. Shahada yake ya uzamili, mwaka 1932, ilihusu figo za kambare ambaye hajakua. Baadaye akaandikia idara ya serikali ya uvuvi vipindi vya redio kuhusu viumbe wa baharini. Mkuu wake akamrudishia andiko moja: zuri mno kwa kijitabu cha serikali, lipeleke kwenye jarida la Atlantic. Likachapishwa mwaka 1937.

Ukisimulia, ishia hapo. Usitaje kwamba kitabu chake cha kwanza kilitoka Novemba 1941, wiki chache kabla ya shambulio la Pearl Harbor lililoiingiza Marekani vitani, kikadoda. Wala usithubutu kusema kwamba aliacha kazi ya serikali mwaka 1952, baada ya kitabu cha pili kuuzika sana. Mwenye nyumba wako akijua kwamba hata Carson alishikilia mshahara miaka 15, atadai kodi ya miezi sita kwa mkupuo.

Sasa uandishi wenyewe. Maabara ilikufundisha kujificha: "ilibainika kwamba ufyonzaji wa damu hufanywa na jinsi ya kike". Andika kwamba mbu anayeuma ni jike, anataka damu kwa ajili ya mayai. Dume anajinywea maji ya maua. Msomee shangazi mwenye genge.

"Sasa mwanangu, usiku nitawatofautishaje?"

Hukuulizwa swali zuri hivyo ulipotetea tasnifu yako. Jibu lipo: dume ana vipapasio vyenye manyoya mengi, kama brashi ya kuoshea chupa. Shangazi atashukuru, kisha ataendelea kumpiga kila anayetua.

Kazi ngumu ni mhariri. Tuseme unaandika kuhusu RTS,S, chanjo ya malaria ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2021. Ilijaribiwa katika nchi saba za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwamo. Watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi zote nne walipata visa vya malaria pungufu kwa takriban asilimia 36 katika miaka kama minne.

"Kwa hiyo inazuia au haizuii?"

Mweleze taratibu. Si kwamba watoto 36 kati ya 100 wamekingwa na 64 wameachwa. Mtoto mmoja anaweza kuugua mara tatu kwa mwaka, na kinachohesabiwa hapa ni visa. Mahali penye malaria nyingi, theluthi ya visa ni vitanda vingi vya wodi. Atatikisa kichwa kwa uelewa mkubwa, kisha ataandika: CHANJO YAMALIZA MALARIA.

Bembeleza. Mkiafikiana YAPUNGUZA, kajinunulie soda, hiyo ndiyo tuzo yako ya mwaka. Ila chunguza chini ya ukurasa: aya ya dozi ya nne imeng'olewa, pamewekwa tangazo la matairi. Hapo usibembeleze, gomba. Mzazi atakayeisoma makala ndiye wa kumrudisha mtoto kliniki, na asiyeambiwa harudi. Yang'olewe matairi.

Gazeti likitoka, utaona wamepamba makala na picha kubwa ya mbu mwenye madoa meupe miguuni. Huyo ni *Aedes*, wa dengi. Piga simu. Mhariri atauliza kama kuna msomaji aliyelalamika. Mtumie picha ya *Anopheles*, ametua kichwa chini na mkia juu, jinsi ilivyo kawaida yake. Atakujibu haraka kuliko alivyowahi kujibu ankara yako: ahsante daktari, lakini huyu wa madoa amependeza zaidi.