Buenos días, Bibi

Kijana wetu amerudi Same kutoka Quito, mji mkuu wa Ekwado, alikokaa miezi sita akisoma Kihispania. Anasema lugha haishiki mpaka ukaishi na wenyewe, hukohuko milimani, kwenye hewa nyepesi ya mita 2,850. Haya. Kilele chetu cha Shengena kina mita 2,462 tu. Labda hizo mia nne kasoro ndizo zilizomkosesha Chasu, lugha ya kwao.

Jumapili akapandishwa Mbaga kumsalimia bibi. Bibi, mwiko wa makande mkononi, akammiminia salamu za Chasu: za nyumba, za mbuzi, za kesi ya mpaka wa shamba ambayo haijaisha. Kijana akatabasamu kama mtalii. Ikabidi dada wa kazi, Mgogo wa watu, amtafsirie.

“Na huko ulikokwenda, mjukuu wangu, walikufundisha kwa hela?” bibi akauliza, safari hii kwa Kiswahili. Akatajiwa dola. Akarudi kwenye chungu chake bila neno.

Wala si kwamba Chasu hakina kitabu. Mmisionari mmoja Mjerumani, Ernst Kotz, alipanda milima hiihii kabla haijaona lami, akajifunza, na mwaka 1909 sarufi yake ya Chasu ikachapwa Berlin. Imeandikwa kwa Kijerumani. Kijana amefurahi kusikia. Tangu jana anaulizia ada ya kozi huko Ujerumani, ili akirudi aweze kuongea na bibi yake.