Farasi 280 Kwenye Foleni ya Malaba

Gari kuukuu la mbio ni gari la zamani lililong'olewa injini yake na kupachikwa nyingine, kubwa kuliko busara ya mwenyewe. Wamarekani hutumia Mustang na Pontiac GTO za miaka ya 1960. Busia na Malaba, miji ya mpakani mwa Kenya na Uganda, hizo hazipatikani. Kwa kawaida Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, wala lenye usukani wa kushoto. Kwa hiyo anayetaka ukuukuu huutafuta uliokwisha kuwamo nchini: nyuma ya nyumba ya mjomba, chini ya mwembe, kuku akiatamia kiti cha nyuma. Mara nyingi huwa ni Peugeot 504.

504 ilianza kuundwa mwaka 1968 na ikashinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978. Ushindi wa 1978 ulikuwa wa 504 ya aina ya coupé yenye injini ya V6, jambo ambalo mrithi wa 504 ya mjomba hapendi kukumbushwa. Huku magharibi mwa Kenya sifa yake ilitoka kwingine. Staisheni wagoni zake zilikuwa matatu, zikibeba idadi ya abiria iliyoandikwa mlangoni na nyingine iliyoamuliwa na manamba.

Injini ya kabureta ya 504 ina nguvu zisizofika farasi 100. Inayotamaniwa badala yake ni 1JZ ya Toyota, lita 2.5 na tabo, ambayo huko Japani iliandikiwa farasi 280. Ya Peugeot ina silinda nne na imeinamishwa upande. Ya Toyota imesimama wima na silinda zake sita zimepangwa mstari mmoja. Fundi hupima kwa kamba, hukuna kidevu, kisha husema, "Itaingia tu, mkubwa." Kweli huingia, radieta ikishasukumwa mbele, bodi ikishakatwa kwa grinda, na mota ya waipa ikishakosa makao. Giaboksi ya Peugeot haikuumbwa kwa nguvu hizo, kwa hiyo nayo hubadilishwa. Giaboksi mpya haifikiani na propela, propela hukatwa na kuchomelewa upya, halafu difu huanza kulia. Kufikia hapo mwenye gari amekwisha kuuza ng'ombe mmoja na anamwangalia wa pili.

Mpaka una faida yake katika spea. Nairobi kuna Kirinyaga Road, Kampala kuna soko la Kisekka, na aliyeko Busia hupiga simu kote kuwili akilinganisha bei. Hasara ni kwamba fundi naye hupata visingizio vya nchi mbili. Gasketi inasubiriwa kutoka Nairobi. Ikifika, bolti zake ziko Kampala, na mwenye kuzileta ameenda matanga.

Petroli nayo ni somo. Kenya hutangaza bei kila tarehe 14 ya mwezi, Uganda huyaachia makampuni yajipangie, na mwenye injini hii huzijua bei za pande zote mbili kuliko anavyojua umri wa wanawe.

Kuvuka kwenyewe kwahitaji logbuku na kadi ya njano ya COMESA, ambayo ni bima ya kuvukia mipaka. Injini iliyobadilishwa sharti iandikishwe NTSA, mamlaka ya usafiri ya Kenya, kwa maana nambari ya logbuku na ya injini zikitofautiana, maelezo huwa marefu. Probox iliyojaa hadi paa hupita kimya kimya. 504 inayonguruma kama simba wa Tsavo huombwa ifunguliwe boneti, na foleni nzima hushuka kuja kutazama.

Barabarani kasi hudumu kutoka tuta moja hadi jingine. Kati ya Busia na Kisumu, kila soko lina matuta yake, kuanzia Bumala hadi Ugunja na Yala. Gari lililoshushwa ili lionekane la mbio hukwama tumbo hapo, na abiria hushuka, hutembea hadi ng'ambo ya tuta, kisha hupanda tena. Akina mama wa sokoni hufikiri limeharibika na huwapa pole.

Malaba ndiko kwenye mtihani wenyewe. Malori yakipanga foleni ya kilomita kadhaa, farasi wote 280 husimama juani, radieta huchemka, na dereva hutafuta maji kwa jerikeni. Wakati huo bodaboda humpita na abiria wawili na gunia la mahindi. Bodaboda wamewapita wenye magari hapa tangu enzi za baiskeli zenye mto wa kukalia, na hawageuki kutazama.

Breki za 504 zilibuniwa kwa injini yake ya awali, na karibu kila mjenzi huzifikiria mwisho, fedha zikiwa zimeishia kwenye tabo na eksosi. Msomaji mwenye mjomba na mwembe anashauriwa anunue breki kwanza, na injini baadaye, au asiinunue kabisa.