Ombi la Karatasi Moja kwenye Ukuta wa Mochari: Barua ya Wazi kwa Mwenyekiti wa Baraza la Magavana

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Baraza la Magavana,
Nairobi.

Mheshimiwa,

MINT: MAELEZO KWA FAMILIA ZINAZOTAKA KUCHOMA MWILI WA MAREHEMU

Naanza kwa kuomba radhi. Najua meza yako haikosi barua za barabara, za madaktari na za mgao wa fedha, na mtu mwenye majukumu yako hapati nafasi ya kusoma habari za msiba wa mtu asiyemjua. Nilisita miezi minne kabla ya kushika kalamu. Nimeishika kwa sababu Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010, linapogawa kazi kati ya serikali ya kitaifa na kaunti, limetaja kwa jina makaburi, nyumba za maiti na mahali pa kuchomea maiti, likaviweka vyote mikononi mwa kaunti. Nimeona basi kwamba nikibisha kwako sitakuwa nimekosea mlango.

Kaka yangu mkubwa alikuwa fundi wa reli hadi alipostaafu. Mara ya mwisho tulipokaa pamoja mezani siku ya Krismasi alituambia kwamba akifa achomwe, kisha akaendelea kula. Hakuandika popote. Alipotutoka, sisi ndugu zake tulikuwa tunajua alichotaka, lakini hatukujua hatua hata moja ya kukitimiza. Waliotuhudumia walikuwa watu waungwana, wengine walitusaidia hata baada ya saa za kazi, kwa hiyo sitaji kaunti wala jengo lolote. Ninaloeleza ni kukosa kujua tu, na hasara yake.

Siku ya kwanza niliuliza gharama kwa watu watatu. Nikatajiwa bei tatu, na ya tatu ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya kwanza. Nilirudi nyumbani nikiamini kuna anayetaka kutunyonya. Ilinichukua siku kadhaa kuelewa kwamba wote watatu walisema kweli. Wa kwanza alitaja ada ya tanuri peke yake. Wa pili aliongeza jeneza na gari la kubebea maiti. Wa tatu alijumlisha na siku za mochari, dawa ya kuhifadhi mwili, na chombo cha kutilia majivu. Hakuna mahali palipoandikwa vitu hivyo kimoja kimoja ili mtu aliyefiwa, ambaye siku hizo hata jina lake mwenyewe analiandika kwa shida, aone anacholipia na anachoweza kukiacha.

Jeneza ndilo lililoniuma. Tulinunua la mvule, lililopigwa vanishi, lenye vishikio vya chuma, kwa pesa ambazo kamati ya mazishi ilizichangisha kwa majirani na kanisani. Asubuhi ya kuchoma, mhudumu wa tanuri alituomba kwa upole tumpe dakika chache ang'oe vishikio, kwa kuwa chuma hakitakiwi ndani. Akasema, bila kutulaumu, kwamba ubao wa kawaida ungetosha kabisa. Nikakumbuka, nikiwa nimechelewa, kwamba nchi nzima iliwahi kuonyeshwa jambo hili. Profesa Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, alikuwa amewaambia watu wake wasikate mti kwa ajili ya jeneza lake, na tarehe 8 Oktoba 2011 mwili wake ulipelekwa kwenye tanuri ya Kariokor, Nairobi, ndani ya jeneza la magugumaji, mafunjo na mianzi. Tulilitazama kwenye runinga na tukalisifu, lakini siku ya kwetu ilipofika hakuna aliyelikumbuka.

Mhudumu huyohuyo ndiye aliyeuliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa siku sita nyuma: je, marehemu alikuwa amewekewa kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo? Alikuwa nacho. Betri ya kifaa hicho huweza kulipuka katika joto la tanuri, ambalo hupita nyuzijoto 800, na mlipuko wake unaweza kupasua kuta za tanuri na kumjeruhi anayeihudumia. Lazima kitolewe mapema, na kazi hiyo hufanywa mochari. Tulirudisha mwili. Watoto wake walikuwa wameshaaga, wameshaimba, wameshalia, Mheshimiwa, na sasa tukawaambia wapande tena gari, kesho tutarudi. Binti yake wa mwisho ananiuliza mpaka leo kwa nini babake aliagwa mara mbili. Mstari mmoja wa maandishi kwenye ukuta wa mochari ungemwondolea mtoto huyo swali hilo.

Kuhusu vyeti, sheria yenyewe si ngumu. Kifo kikitokea hospitalini, hospitali hukiandikisha. Kikitokea nyumbani, ni kwa naibu wa chifu. Kisha hutolewa kibali cha mazishi. Neno hilo "mazishi" lilitupotezea siku nzima, kwa sababu ndugu yetu mmoja alishikilia kwamba kibali cha kuzika hakiwezi kutumika kuchoma, na sisi wengine hatukuwa na pa kumwonyesha. Pale ambapo kifo kina shaka, polisi na daktari huwa na neno lao kwanza, na hilo ni haki: mwili uliozikwa waweza kufukuliwa mahakama ikiamuru, lakini majivu hayana cha kumweleza mpelelezi. Familia ikielezwa sababu hiyo mapema haitaona kwamba inacheleweshwa kwa ubaya.

Sasa naomba univumilie nifike kwenye kiini cha barua hii.

Baba mdogo ndiye mkubwa wa wazee waliobaki katika ukoo wetu. Tulipomweleza matakwa ya kaka, alitusikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Na sisi tutalilia wapi?" Shangazi yangu akaongeza lake: "Mtamchoma kama mahindi?" Nimefundisha Kiswahili miaka 31, na siku hiyo lugha yangu mwenyewe ilinishinda. Kuchoma ni neno la nyama na takataka. Kuteketeza ni neno la nyumba iliyoungua na bidhaa haramu zilizonaswa bandarini. Sikuwa na neno la tatu la kumpa mama yule mzee. Nyumba ikagawanyika: wanaotaka kaka azikwe kijijini na wanaotaka achomwe. Kwa siku sita ndugu waliokula sahani moja utotoni hawakusalimiana, na kila siku ya kutosalimiana ililipiwa mochari.

Nchi hii inajua ugomvi kama huo unaweza kufika wapi. Wakili S. M. Otieno alifariki tarehe 20 Desemba 1986 na hakuzikwa mpaka tarehe 23 Mei 1987, kwa kuwa mjane wake Wambui na ukoo wa Umira Kager walikuwa mahakamani wakishindania mahali pa kaburi. Mwaka 2019 mwili wa mbunge wa Kibra, Ken Okoth, ulichomwa Kariokor baada ya shauri lake nalo kupita mahakamani. Mahakama zetu zimekwisha kusema kwamba matakwa ya marehemu hayawafungi walio hai kama mkataba, ila yafaa yatimizwe kadiri inavyowezekana ikiwa hayapingani na sheria wala mila. Kwa hiyo mtu anayetaka kuchomwa afanye zaidi ya kusema mezani. Aandike, aweke sahihi, amkabidhi mtu, na awaambie wazee wa ukoo wake yeye mwenyewe akiwa hai. Hilo nalo hatukuambiwa na yeyote.

Aliyetutoa gizani ni padri wa parokia yetu. Alikuja jioni ya siku ya sita, akakaa kitako na wazee, akawaeleza kwamba Kanisa Katoliki limeruhusu waumini kuchomwa tangu mwaka 1963, na kwamba waraka wa Vatikani wa 2016 unataka majivu yasitawanywe wala kugawanywa ovyo, bali yalazwe mahali patakatifu, makaburini. Baba mdogo akamkatiza: "Yalazwe? Yaani yanazikwa?" Padri akajibu ndiyo, yanazikwa, kwa sala, na jiwe lenye jina huwekwa juu yake.

Ugomvi wetu uliishia hapo. Siku zote sita tulikuwa tunapigania kuchagua kimoja, na kumbe vyote viwili vinawezekana. Kaka angechomwa alivyotaka, na baba mdogo angepata kaburi la kulilia.

Sitaki nieleweke kwamba nawahubiria watu wachome. Ndugu zetu Waislamu hawachomi, na mila yao ya kuzika upesi bila jeneza la fahari ni funzo kwetu sote tunaojitia madeni. Waanglikana wanao mfano wa Askofu Mkuu mstaafu Manasses Kuria, ambaye mwili wake ulichomwa mwaka 2005, baada ya wa mkewe. Wahindu ndio waliojenga tanuri nyingi tulizonazo, na wamewafungulia milango watu wa dini nyingine. Nawashukuru kwa moyo wote. Wala kuchoma si nafuu kwa kila mtu. Anayeishi karibu na Lang'ata, Nairobi, ambako makaburi yamekuwa yakitajwa kuwa yamejaa tangu miaka ya 1990, hesabu yake ni moja. Anayeishi mbali, ambako hakuna tanuri, akijumlisha gari la kuupeleka mwili mjini na nauli za waombolezaji kwenda na kurudi, huenda shamba la babake ndilo lililo rahisi. Kila familia ina haki ya kupiga hesabu yake. Ili ipige, lazima ipewe tarakimu.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, kwa unyenyekevu wote nilio nao, naomba utumie heshima yako mbele ya magavana wenzako ili kila mochari ya umma na kila ofisi ya afya ya kaunti ibandike karatasi moja, kwa Kiswahili na kwa lugha ya mahali pale. Iwe na ada ya tanuri iliyo karibu, ya mtu mzima na ya mtoto, ikitengwa na ada nyingine zote. Itaje vyeti vinavyohitajika. Iulize juu ya kifaa cha moyo kwa herufi kubwa. Iseme jeneza la ubao wa kawaida linakubalika, na vishikio vya chuma visiwepo. Iwakumbushe watu waje na chombo, kwa sababu majivu ya mtu mzima huwa kama kilo mbili au tatu, na sisi tulienda mikono mitupu. Mwana wa dada yangu ndiye aliyekimbia sokoni akarudi na chungu kipya cha udongo, na ndani ya chungu hicho, chini ya mwembe karibu na kaburi la babetu, ndimo kaka alimo sasa. Baba mdogo alikishusha kwa mikono yake.

Nimethubutu kuambatisha rasimu ya karatasi hiyo, ili nisikuongezee kazi. Nimeandika "mwili" badala ya "maiti" kila nilipoweza, na "kuchoma" nimeliacha, kwa kuwa ndilo neno watakalolitafuta wenye msiba. Kabla ya kuituma nilimsomea baba mdogo. Alinirudishia kalamu mkononi mara moja tu, akataka mstari wa kumi na mbili upandishwe juu kabisa, kabla ya bei na kabla ya vyeti. Unasema: "Majivu ya marehemu yanaweza kuzikwa nyumbani kwao."



Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu wa Kiswahili