Nimelipa Kiingilio, Nikapewa Kazi

Siku hizi ukialikwa kwenye maonyesho ya sanaa, usiulize yanaanza saa ngapi. Uliza kama kuna kazi. Zamani mambo yalikuwa na adabu yake: msanii anatengeneza kitu chake huko kwake, anakileta ukumbini, kinatundikwa ukutani, nawe unapita mbele yake umefunga mikono nyuma, unatikisa kichwa mara mbili, unaelekea kwenye sambusa. Kila mtu alijua mpaka wake. Sasa ukutani hakuna kitu. Kitu chenyewe ni wewe.

Mpwa wangu ana shahada, hana ajira, na kwa sababu hiyo anajua kila shughuli ya bure na ya nusu bure inayofanyika Dar es Salaam. Akanipigia simu. "Anko, kuna onyesho la ufinyanzi, laivu." Nikamwambia ufinyanzi nimeuona laivu kabla mama yake hajaolewa. "Huu si ule, anko. Hii ni sanaa shirikishi, tena ya muda. Ikiisha, imeisha." Nikauliza kiingilio. Akanitajia. Kwa hela ile ningepata chungu, mfuniko wake, na chenji ya bajaji.

Mlangoni nikaelekezwa lipa namba, nikagongwa muhuri mkononi, nikakabidhiwa aproni. Aproni nayo ina malipo yake. Nikauliza, na asiyetaka aproni je? Binti wa mlangoni akatabasamu kwa upole wa muuguzi anayeficha sindano. "Mzee wangu, humu ndani hakuna watazamaji."

Nilikuwa nimevaa shati jeupe. Aliyelipiga pasi ni mke wangu, na aliyekuja kulifua ni yeye pia, na maoni yake kuhusu sanaa ya kisasa mhariri hatayapitisha.

Ndani tukakalishwa kwenye vigoda kulizunguka turubai. Katikati alikuwapo mama mmoja wa makamo, mfinyanzi hasa, kanga kiunoni, kucha zimeshika wekundu wa udongo ambao nadhani sabuni ilishaukatia tamaa. Hapo nilisahau kununa kwa muda. Alichukua bonge la udongo uliokwisha pondwa na kuchambuliwa vijiwe, akalididimiza katikati kwa ngumi, akaanza kuvuta kuta zake kwenda juu kwa vidole, taratibu, mkono mmoja ndani na mwingine nje. Gurudumu hana. Chungu kimekaa palepale. Anayezunguka ni yeye, kinyumenyume, kiuno kimepinda. Ukuta ukishapanda anaukwangua kwa ndani na kipande cha kibuyu, kisha kwa nje anausawazisha na gunzi la muhindi lililoloweshwa. Mdomo wa chungu aliumalizia kwa kitambaa chenye maji, akizunguka upesi upesi, na ulipotokea ulikuwa mviringo wa kuitia bikari aibu.

Kijana mwenye maiki hakuweza kuvumilia ukimya ule. "Tazameni mwili wake unavyocheza na udongo! Tazameni dansi hii!"

Mama, bila kuinua uso: "Mgongo huo, baba. Unauma."

Watu wakapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya onyesho.

Kisha ikawa zamu yetu. Kila mmoja akapewa bonge lake. Jirani yangu, bwana mmoja mwenye saa ya bei mbaya, alifinyanga kitu akakipa jina la "Safari". Kwa macho yangu kilikuwa kiazi kilichokanyagwa, lakini kijana wa maiki alikisifu kwa dakika nzima. Mimi nikafinyanga kibakuli cha kuwekea funguo. Kilisimama. Kiliegemea kidogo upande wa Kibaha, ila kilisimama. Nikauliza kitachomwa lini nije kukichukua.

Kijana akanitazama kwa huruma. Havichomwi.

Hapo ndipo likaletwa beseni la kioo limejaa maji, taa inalimulika kwa chini. Vikaja kwenye trei vitu walivyofinyanga wageni wa wiki iliyotangulia, vimekauka vizuri, kimoja kimoja vikatumbukizwa. Udongo mkavu ambao haujaonja moto hauna ubishi na maji. Unatoa mapovu kwanza, mengi, kisha ngozi yake inabanduka tabaka kwa tabaka, ukuta unakaa chini, na punde kilichokuwa kikombe cha mtu ni tope. Muziki wa taratibu ulikuwa ukipigwa. Simu zote juu. "Kila kitu ni cha kupita," kijana akanong'ona kwenye maiki, na bwana mwenye saa akafuta machozi. Kibakuli changu kikawekwa kwenye foleni ya kuzamishwa wiki itakayofuata.

Yule mama alikuwa pembeni ananawa mikono. Nikamwamkia, akaitikia, akaniambia kwa sauti ya chini: "Hicho ndicho tunachofanya chungu kikipata ufa kabla ya kuchomwa. Unakiloweka, unaponda, unaanza upya. Sijawahi kupigiwa makofi."

Mpwa wangu alipoona nimekunja uso akanitolea mifano ya ng'ambo, maana anajua mtu wa umri wangu akitajiwa London hunyamaza kidogo. Mwaka 2006, akasema, msanii wa Uingereza Clare Twomey aliwapanga ndege wadogo 4,000 wa udongo wa buluu katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, kwenye kumbi zenye nakala za masanamu makubwa ya Ulaya, na wageni wakaruhusiwa kuwachukua. Kuchukua ndiko kulikokuwa sanaa. Nikamwambia huyo namwelewa. Mtu anaondoka na ndege mfukoni, anamweka juu ya runinga, wageni wanauliza. Kiingilio kimerudi.

Akaongeza mfano mwingine, nao ukanirudisha kwenye hasira. Mwaka 2017 msanii huyohuyo alijenga kiwanda cha udongo ndani ya jumba la sanaa la Tate Modern. Wageni wanaingia, wanasajili saa ya kuingia kazini, wanafunga aproni, wanafundishwa, wanazalisha. Halafu alichotengeneza mtu anakibadilisha na kitu kingine kilichotengenezwa humohumo. Nikauliza, na mshahara? Mpwa wangu akasema sijaelewa, lengo ni kumfanya mgeni afikirie kazi ya mikono ni nini. Mimi sina haja ya kufikirishwa. Nimefanya kazi maisha yangu yote, na siku zote mwenye kiwanda ndiye aliyetoa hela.

Tusiwaonee Waingereza peke yao. Ai Weiwei wa China, mwaka 2010, alimwaga katika ukumbi mkubwa wa Tate Modern hiyohiyo mbegu za alizeti zaidi ya milioni 100. Singida wasishtuke, hazikamuliki mafuta: ni za kauri, kila moja imepakwa rangi kwa mkono, na waliozitengeneza ni mafundi wapatao 1,600 wa Jingdezhen, mji ambao ulikuwa ukifinyanga kauri za wafalme kwa karne nyingi. Nia ilikuwa watu watembee juu yake, walale, wazichote. Baada ya siku chache wakazuiwa, kwa sababu nyayo zilikuwa zikitimua vumbi la kauri na vumbi hilo si zuri kwa mapafu. Basi wageni wakabaki kusimama kando na kutazama. Yaani sanaa shirikishi ikarudi yenyewe kwenye adabu ya zamani, mikono nyuma. Ila jambo moja nalisifu: palepale ukumbini iliwekwa filamu inayowaonyesha wale mafundi kazini.

Wa Marekani ndiye aliyenipendeza zaidi. Anne Wilson, mwaka 2010, aliweka kitanda cha mfumi katika makumbusho ya sanaa ya Knoxville, Tennessee, eneo ambalo viwanda vyake vya nguo vilishafungwa kwa wingi. Watu wa kawaida zaidi ya 2,000 walikuja kuzungusha nyuzi kwenye vibiringo, na wafumaji wazoefu kadhaa wakapokezana kufuma. Mpwa wangu akafikiri nitanung'unika tena. Nikamwuliza mwisho wake ulikuwaje. Kikatoka kitambaa, akasema, kirefu, kimoja, kikabaki palepale makumbusho. Unaona? Kitambaa! Watu walifanya kazi, na jioni kulikuwa na kitu. Hilo ndilo ombi langu lote kwa wasanii wa dunia.

Kwa sababu tuelewane: kumtazama fundi akifanya kazi sina ugomvi nako. Nimekaa barazani Unguja nikawatazama kina mama wakisuka ukili, vidole vinakwenda vyenyewe huku mdomo unamsema jirani, na hapakuwa na haja ya kijana wa kueleza kinachoendelea. Mtoto aliyepita akiwa hana shughuli alishikishwa miyaa akaanza kufundishwa, kwa hiyo na ushirikishi ulikuwapo. Ila mwisho ukili ulishonwa mkeka, mkeka ukauzwa, na hela ikanunua unga. Hakuna aliyeukusanya ukili ule akautia kwenye beseni.

Turudi kwa mama wa watu. Nikamwuliza, kwa heshima zote, wamekulipaje leo. "Nauli," akasema. "Na soda." Nikageuka kumtazama DJ aliyeweka wimbo mmoja wa taratibu kwa saa nzima. Namjua, kijana wa mtaani kwetu, na ninajua bei yake, kwa sababu alikataa kuishusha kwenye kipaimara cha mtoto wa ndugu yangu. Kijana wa maiki naye hakuja kwa nauli. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Wangemwona huyu aliyepewa soda mbele ya watu mia wanaompigia makofi, sijui wangesema nini.

Na kilichonikera zaidi ni kwamba onyesho lile lilifanya kazi yake. Bwana mwenye saa alitoka pale anasema kwa sauti kwamba hatabishania tena bei ya chungu, maana sasa ameona mgongo unavyopinda. Akauliza wapi anaweza kununua. Hapakuwa na pa kununua. Vyungu vya mama vilivyochomwa, vyenye mlio ukivigonga, vilikuwa kwenye viroba huko nyumbani kwake, kwa sababu aliambiwa asije navyo, vitaharibu dhana. Bwana yule akapanda gari lake na pochi yake imefungwa kama ilivyokuja.

Wachongaji wa vinyago pale Mwenge wanaujua ugonjwa huu. Mgeni anasimama mbele ya mtu aliyekaa chini na tezo na gogo la mpingo kati ya miguu, anarekodi video ndefu, anasema vizuri sana, anaondoka. Video ataipeleka kwao itazamwe bure. Fundi anabaki na vumbi jeusi na kinyago chake.

Kwa hiyo, waandaaji, nawasihi. Mpango ujao andikeni jina la fundi kwenye bango kwa herufi kubwa kama za mwenye maiki, na mlipeni kama mnavyomlipa DJ, kabla hajaanza kuzunguka chungu. Mpeni meza mlangoni aweke vilivyochomwa. Bei isomwe kwenye maiki, mara mbili, muziki ukiwa umezimwa.