Jinsi ya Kuua Injini Iliyotoka Kufumuliwa

Hongera. Injini imefumuliwa, silinda zimechongwa, pistoni na ringi mpya zimeingia, beringi zimebadilishwa, na gari limerudi nyumbani, limeegeshwa chini ya mwembe. Hela ya kiwanja cha Chanika imeishia Gerezani, kwenye maduka ya spea. Kilichobaki ni nusu saa ya kuwasha na kilomita mia kadhaa za uangalifu. Ukifuata utaratibu, muda huo unatosha kabisa kuharibu kila kitu.

Usiwashe ukiwa peke yako. Ita jirani, ita shemeji, mwite na yule mzee aliyeendesha Peugeot 504 enzi zake. Mmoja atasema injini mpya haikanyagwi, mwingine atasema ikanyagwe izoee. Mfuate mwenye sauti kubwa.

Fundi mwoga angechomoa plagi, akakata umeme wa plagi na mafuta, akapiga stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izimike, ili beringi zipate oili kabla ya moto kuwaka. Hiyo ni kazi ya dakika chache, lakini inawachosha watazamaji. Wewe washa. Kwenye rejeta nako jaza tu maji ufunge kifuniko. Habari za kutoa hewa waachie wenye nafasi. Kiputo cha hewa kikinaswa penye kipimo cha joto, mshale unaweza kukaa chini kwa adabu zote huku kichwa cha injini kinapinda.

Sasa tufike kwenye silaha yetu kuu: sailensa. Acha gari lingurume hapo hapo lilipo bila kukanyagwa mafuta, asubuhi mpaka adhuhuri, eti ringi zizoee taratibu. Unaonekana mpole, na ndiyo maana mbinu hii inaua vizuri. Ukichungulia silinda iliyotoka kuchongwa utaona mistari myembamba iliyokatana mshazari, kama msuko wa mkeka. Mchongaji hakuiacha kwa uvivu. Mistari hiyo hushika oili, na kingo zake huisugua ringi mpaka ringi na ukuta vipatane. Ila ringi haitegemei uspringi wake peke yake kukaa ukutani; kinachoibana hasa ni gesi ya mlipuko, inayoingia nyuma yake na kuisukuma nje. Kwenye sailensa mlipuko ni hafifu, kwa hiyo ringi inateleza tu. Oili inaungua ukutani, inaacha utando mgumu unaong'aa, mistari inazibika. Ikifika hapo, ringi haikai hata uibembeleze mwaka mzima. Utafukiza mtaa kwa moshi wa bluu, na kila ukienda kujaza mafuta utanunua na oili.

Kama injini yako ni ya kizamani, yenye tapeti bapa zinazosuguana na kamshafti mpya, una bahati zaidi. Kamshafti ya namna hiyo inataka mizunguko kama 2,000 kwa dakika, ikipandishwa na kushushwa kidogo, kwa dakika 20 za mwanzo tangu injini iwake, kwa kuwa inategemea oili inayorushwa na kranki ikizunguka kwa kasi. Sailensa hairushi kitu. Nundu za kamshafti zitaanza kulika shemeji akiwa bado na soda mkononi.

Barabarani una njia mbili, zote zinafika. Waweza kwenda Chalinze kwa mwendo mmoja, gia moja, mguu haupandi wala haushuki, kama unayesindikiza msiba. Au waweza kupakia ukoo mzima na magunia ya mkaa siku ya kwanza, ukaupande mlima Kitonga. Wapo wakaidi wanaokwenda gari likiwa tupu, injini ikishapata moto wanakanyaga kwa nguvu ya wastani kutoka 50 hadi 80, kisha wanaachia mafuta na gia ndiyo inayopunguza mwendo. Wanarudia hivyo mara nyingi. Wakikanyaga, gesi inaibana ringi. Wakiachia, mvuto wa ndani ya silinda unapandisha oili kidogo na kusafisha unga wa msuguano. Watu wa hivyo wasikusumbue. Gari linakwenda kwa kushtukashtuka, nao wanaita matengenezo.

Tumalizie na oili. Tia ile ghali kuliko zote, inayoteleza kupita kiasi, ingawa mafundi wengi huanza na ya kawaida; halafu usiimwage. Ukiimwaga baada ya safari ya kwanza na kuiangalia kwenye beseni juani, utaona inametameta unga wa kijivu, na kwenye nati ya kumwagia, kama ina sumaku, nywele nyeusi za chuma. Ni vipande vya ringi zako na ukuta wako. Umevilipia, viache vizunguke.

Kama baada ya somo hili bado una tamaa ya injini kudumu, badilisha oili na filta baada ya safari ya kwanza, rudia kwenye kilomita 500, na kila asubuhi vuta kijiti upime kabla ya kuwasha. Oili si bei rahisi siku hizi, lakini kufumua mara ya pili ni bei ya mara ya kwanza, na fundi hapunguzi kwa sababu mnafahamiana.