Uainishaji wa Difu za Nyuma Katika Kaunti ya Nyamira

Vipepeo wameshaainishwa, na mende pia. Difu ya gari kuukuu, iliyojificha chini ya pikapu ndani ya matope ya Kebirigo na grisi ya miaka nenda rudi, bado haijapata mwanazuoni wake. Andiko hili linaziba pengo hilo.

Msingi wa uainishaji ni rasio, yaani idadi ya mizunguko ya propela shafti kwa kila mzunguko mmoja wa magurudumu. Kwenye milima yetu, tofauti ya 3.9 na 4.3 ndiyo inayoamua kama mikungu ya ndizi itafika Keroka au abiria watashuka kusukuma.

Madhehebu ya utambuzi ni manne. La Kibati husoma kibati cha chini ya boneti: katika Toyota nyingi za zamani, herufi ya kwanza ya kodi ya ekseli hutaja ukubwa wa krauni, na tarakimu mbili zinazofuata hutaja rasio. Ni elimu isiyochafua shati. Lakini kibati ni cheti cha kuzaliwa tu. Hakijui kwamba difu ya sasa ilitolewa kwenye gari lililopinduka.

Dhehebu la Sikio, linalokisia rasio kwa mngurumo wa injini barabarani, lina wazee, na halina ushahidi. Geji ya spidi haiwasaidii, kwani kwa kawaida huendeshwa na giaboksi. Toa 3.9, weka 4.3, na anayeapa kwamba alifika 100 alikuwa kwenye 91 hivi.

Dhehebu la Gurudumu ndilo linalostahili heshima. Weka mawe magurudumu ya mbele, gia iwe nyutro, handibreki ishushwe, kisha inua gurudumu moja tu la nyuma kwa jeki. Piga alama ya chaki kwenye tairi na kwenye propela. Zungusha gurudumu mara 20: propela ikienda mara 41, rasio ni 4.1, ikienda 43, ni 4.3. Mwanafunzi mwenye pupa huinua yote mawili. La pili huzunguka kinyume, propela husimama tuli, naye huandika rasio kuwa sifuri. Tatizo sugu ni mpita njia. Akisema “Bwakire” wakati fundi yuko kumi na saba, hesabu inaanza upya, maana kunyamazia salamu ni kosa kubwa kuliko kukosea rasio.

Dhehebu la Meno halibishani na mtu: meno 41 kwenye krauni, 10 kwenye pinioni, gawanya, basi. Ila kwa Hilux lazima oili imwagwe, haf shafti zivutwe na difu ishushwe, na mwenye gari aliambiwa ni kazi ya dakika kumi.

Peugeot 404, bingwa wa Safari Rally 1963, 1966, 1967 na 1968, inahitaji ukoo wake peke yake, kwani pinioni yake ni skrubu inayosukuma gurudumu la shaba. Land Rover Series III haina fumbo: ni 4.7, labda kama kuna mtu aliyeichokora.

Probox ya kawaida imeondolewa katika utafiti huu. Difu yake iko mbele, ndani ya giaboksi, ingawa mtafiti mmoja anaripotiwa kuwa bado yuko chini yake, nyuma, akitafuta.