Ziba Shimo, Ulipe

Katika gofu, mchezaji aliyeruhusiwa kuokota mpira na kuudondosha mahali pengine haruhusiwi kwanza kupatengeneza hapo pa kuudondoshea. Ndivyo isemavyo Kanuni ya 8.1. Shimo lililochimbwa na fimbo ya aliyetangulia libaki wazi, na bonge la nyasi lililong'oka, hata likiwa limelala hatua moja tu pembeni, lisirudishwe. Akilirudisha na kulishindilia kwa kiatu, kiungwana kabisa, anaongezewa mapigo 2, na kulichomoa tena kwa majuto hakufuti adhabu. Methali ya ufa na ukuta haina uanachama humu.

Majani makavu na vijiti anaweza kuviondoa, hata bonge lile lile: kulitupa ruksa, kulirudisha kosa. Umande asiuguse. Kwenye nyasi fupi zinazozunguka kishimo cha bendera mambo ni tofauti. Tangu 2019 karibu kila jeraha la ardhi hapo linarekebishika.

Kwa hiyo mpira hudondoshwa kwa usawa wa goti, juu ya mabaka yaliyopo. Akishapiga, ustaarabu wa mchezo unamtaka huyo huyo azibe shimo alilochimba.